Daraja la Futi Mbili na Nusu

Wiki iliyopita kijana wangu alikuwa anasakafia nyumba yake hapa Mugumu, nami nikampelekea uji. Nilimkuta anamwaga maji juu ya saruji kavu, na ile harufu ikapanda. Wengi hawaijali. Ni harufu ya baridi, kama ya jiwe lililofukuliwa muda huu. Nilisimama pale na chupa ya uji mkononi hadi akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Sikujua nimwambie nini zaidi. Mimi niliishia darasa la nne, na maneno yangu hutoka polepole, kwa mdomo na kwa kalamu vilevile. Nimechukua wiki nzima kuyapanga haya.

Tulikaa kati ya Mugumu na Mto Mara, kando ya mto mdogo ambao kwenye ramani nasikia una jina, ila sisi tuliuita mto tu. Wazungu ndio walikuwa wanatawala. Mto ulikuwa na vivuko viwili. Cha juu, penye mawe bapa, walivukia wanawake. Cha chini, penye mchanga, walivukia wanaume. Maji yakifika mapajani mtu hupandisha nguo, na hakuna aliyetaka kupandisha nguo mbele ya mkwe wake. Ulikohoa kabla ya kushuka mtoni. Ukisikia mtu anakujibu kwa kukohoa, ulingoja kichakani mpaka apite.

Ninyi wa rika langu mnalijua hili, lakini wajukuu wetu hawalijui tena: mama mkwe na mume wa binti yake walikuwa hawakutani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakionana njiani mmoja anaingia kwenye majani na kugeuza mgongo. Haikuwa chuki. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe.

Mimi nililelewa na bibi yangu, Bibi Ghati, mama yake baba. Alikuwa mkunga. Watu walimfuata kutoka vijiji vya mbali, na mikono yake ilinuka samli siku zote. Lakini binti yake mwenyewe, shangazi yangu Wankuru, aliolewa ng'ambo ya mto na mtu anayeitwa Marwa, na shangazi alikuwa amezika watoto wawili waliokufa wakati wa kuzaliwa. Wa pili alikuja wakati wa masika, mto umejaa. Bibi alisimama ukingoni siku mbili, akipaza sauti kuelekea ng'ambo, "Mlazeni ubavu! Mlazeni ubavu, msimkalishe!" na maji yakawa yanayameza maneno. Mimi nilikuwa nimeshika nguo yake. Siku ya pili jioni wanawake wa ng'ambo walikuja ukingoni wakakaa chini, naye akajua.

Kwa hiyo Injinia alipokuja na kusema atajenga daraja, na shangazi akawa mjamzito mara ya tatu, Bibi ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kubeba mawe.

Injinia alitoka Bukoba. Alisomea Uganda, akawa na cheti, akafanya kazi ya barabara za serikali, halafu akaokoka na kuacha kazi. Alisema Mungu alimwambia akajenge madaraja mahali ambapo serikali haitafika. Alikuja kwa baiskeli, ameifunga sanduku la mbao nyuma, na kanisa letu likampa kibanda cha kulala. Hakunywa pombe, hakuvuta tumbako. Kila asubuhi kabla ya kushika koleo alipiga magoti kwenye matope na kuungama dhambi zake kwa sauti, hata zile ndogo, na sisi watoto tulienda mapema ili tusikie. Mara moja aliungama kwamba alimkasirikia mbuzi.

Wanaume walimpenda lakini walimcheka. "Mtu mzima, hana ng'ombe hata mmoja," mzee mmoja alisema mbele yake. "Ana baiskeli. Baiskeli inazaa?"

"Haizai, mzee," Injinia akajibu, "lakini haiibiwi usiku na majirani zako."

Walicheka mpaka wakaketi. Tangu hapo walimpa vijana wa kufanya naye kazi, na kiongozi wa vijana akawa Marwa, mkwe wa Bibi. Naye alikuwa ameokoka karibuni, na alikuwa na ule moto wa mtu aliyeokoka karibuni. Marwa na vijana walifanyia kazi upande wa ng'ambo, wanawake walilundika mawe upande wetu. Hakuna aliyepanga hivyo. Ilipangika yenyewe.

Ndani ya sanduku la Injinia kulikuwa na darubini ya kupimia. Aliisimamisha juu ya miguu mitatu, kijana akashika mti wenye namba kwa mbali, yeye akachungulia na kuandika. Siku moja aliniona nimesimama nyuma ya lundo la mawe, kwani mimi nilikuwa mtoto wa kusimama nyuma ya vitu. Akaniita kwa kidole. "Njoo uone."

Nikaweka jicho. Nilimwona Bibi. Alikuwa anapanda kutoka mtoni na jiwe kichwani, ila alikuwa juu chini. Miguu yake ilikuwa inakanyaga juu, na kichwa kinaning'inia, na jiwe liko chini ya kichwa kama ndilo limembeba. Nguo yake haikuanguka. Jiwe halikuanguka. Alikuwa anatembea tu, taratibu, kama kawaida, kwenye mbingu ya majani. Niliondoa jicho nikatazama kwa macho yangu, na Bibi alikuwa wima. Nikaweka jicho tena, akawa juu chini.

"Umeona?" Injinia akauliza.

Nikasema nimeona, nikakimbia. Sikumwambia mtu. Kwetu mtoto hamtazami mkubwa wake akiwa katika hali isiyofaa, nami sikujua kama hali ile ilikuwa inafaa au haifai. Nilijua tu kwamba nimemgeuza bibi yangu, na kwamba mtu huyu aliyesoma anatugeuza sote kila siku na kutuandika kwenye daftari.

Kazi ilichukua kiangazi chote. Nguzo tatu za mawe zilisimama mtoni, na hapo ndipo nilipoijua harufu ya saruji, maana tulitumwa kumwagilia nguzo maji asubuhi na jioni, na sisi tukashangaa kwa nini mtu anyweshe mawe. Juu ya nguzo ikalazwa mihimili na mbao, na kila upande fito za kushika. Upana ulikuwa futi mbili na nusu. Injinia alieleza kwamba mbao alizopata zinatosha upana huo tu, mtu mmoja na mzigo wake, na kwamba wakikutana wawili mmoja atajibana. Watu waliitikia. Nadhani kila mmoja alifikiri mwenzake ndiye atakayesema neno.

Siku ya kufungua daraja alichinjwa mbuzi. Injinia akatangaza kwamba wa kwanza kuvuka ni Bibi Ghati, kwa sababu amebeba mawe kuliko wote. Bibi aliosha miguu kwa sabuni. Sijawahi kumwona vile, alikuwa kama msichana. Alisimama kwenye ubao wa kwanza, akagonga kwa kisigino, akacheka.

"Nenda, mama, usiogope," Injinia akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Bibi akaenda akitazama miguu yake. Alipofika katikati akainua uso. Kutoka ng'ambo alikuwa anakuja Marwa, shati jeupe, mkono ameunyoosha mbele.

Injinia na Marwa walikuwa wamepanga. Bibi hakuambiwa. Nilisikia baadaye kwamba Injinia alitaka wakutane katikati, washikane mikono, wasali, ili pande mbili zione kwamba kwa Yesu hakuna tena woga wa namna ile. Mimi wakati ule sikuelewa chochote. Niliona tu mwanamke mmoja aliyekuwa anapepeta ameacha ungo hewani.

"Bwana asifiwe, mama," Marwa akasema.

Bibi alivuta nguo akajifunika kichwa. Akageuka, akakaa chini palepale juu ya mbao, mgongo kwa Marwa. Kusimama hakuweza tena, sijui ni magoti au ni aibu. Akaanza kurudi upande wetu hivyohivyo, kwa makalio, ubao mmoja, ubao mwingine, anasukuma kwa mikono. Daraja lilikuwa refu. Watoto wakacheka, na mimi nilicheka. Mpaka leo sijui kwa nini nilicheka. Alipofika mwisho akasimama, akakung'uta nguo, akapita katikati ya watu kwenda nyumbani. Nyama ya mbuzi hakuionja.

Marwa alibaki katikati, mkono wake bado umenyooka.

Tangu siku hiyo daraja lilivukwa na watoto na mbuzi. Wanawake walirudi kwenye kivuko cha juu, wanaume cha chini, na juu yao daraja likasimama jipya, halina kazi. Mwinjilisti wetu akahubiri kwamba watu wamerudi gizani. Bibi alikuwa ameketi mbele, anaitikia nyimbo kuliko wote. Tulipotoka nikamsikia akimwambia jirani, "Kuokoka nimeokoka. Heshima sikuambiwa niiache mlangoni."

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Bibi alishikwa na kizunguzungu. Nilimgeuza kwenye kioo cha darubini, na kule darajani kichwa kikakumbuka, kikamzungusha, akakaa. Kila nilipomwona anashika mgongo wake nilijua ni mimi. Na tumbo la shangazi Wankuru lilikuwa linakua ng'ambo, na mawingu yalianza kukaa juu ya milima.

Siku moja nilitumwa maji nikamkuta Injinia amekaa kwenye daraja peke yake, miguu inaning'inia, anakwangua saruji kavu kwenye mwiko wake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Bibi hajambo?"

"Hajambo."

"Bado amekasirika?"

Nilitazama miguu yangu. Yeye alikuwa anaungama kila asubuhi na halafu anakula uji vizuri, nikaona labda na mimi niungame. "Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Nilimtazama kwenye kioo. Akageuka juu chini. Ndiyo maana kichwa kikamzunguka darajani."

Hakucheka. "Umekaa na hilo tangu lini?"

"Tangu mnapima."

Akaenda kibandani, akaleta darubini, akaisimamisha. Akaniambia nichungulie, yeye akaenda akasimama mbali. Nikamwona kichwa chini, kofia haijaanguka. Akarudi.

"Nimeanguka?"

"Hapana."

"Kichwa kinanizunguka?"

"Sijui."

Hapo akacheka. "Hakinizunguki. Ni kioo tu, kilitengenezwa hivyo. Sisi tunaokitumia tunazoea. Kwa hiyo bibi yako hakushikwa na kizunguzungu."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilichanganyikiwa zaidi, maana kama si hivyo, kwa nini alirudi kwa makalio? Naye akaniuliza swali hilohilo, mtu mzima kuniuliza mimi. "Sasa kwa nini alikaa chini?"

"Si Marwa ni mkwe wake."

"Hilo najua. Marwa mwenyewe aliniambia. Akasema ameokoka, hana shida."

"Ehe."

"Na bibi yako ameokoka."

"Ehe."

"Sasa?"

"Mkwe hapitwi," nikasema.

"Wakristo wote ni ndugu, mwanangu."

"Ndugu anapitwa. Mkwe hapitwi."

Akafikiri. "Mbona kanisani wanaingia nyumba moja, wanasali pamoja?"

"Kanisani kuna milango miwili."

Aliacha kukwangua mwiko. "Ule mlango wa pili," akasema taratibu, "si wa hewa?"

Sikumwelewa. Sijawahi kufikiri kwamba hewa inahitaji mlango. Nilichota maji nikaondoka, na nilipogeuka alikuwa bado anatazama upande wa kanisa.

Nilidhani atakuja kwa Bibi kesho yake. Hakuja. Aliwaambia watu kwamba analiombea jambo hilo, akafunga siku kadhaa. Mvua haikufunga naye. Ilinyesha milimani, na asubuhi moja tuliamka tukasikia mto unanguruma. Vivuko vyote viwili vilikuwa vimezama.

Bibi alikaa kwenye mlango tangu alfajiri, hajala. Shangazi alikuwa amefikia siku zake. Halafu akafunga kitambaa chake cha kazi, wembe mpya, uzi, kichupa cha samli, akanipa mimi nibebe. "Twende," akasema. "Saa hizi yule mkwe anakuwa na ng'ombe. Tutavuka kabla hajarudi."

Alikubali kupita darajani. Alikuwa ameshapiga hesabu yake, usiku kucha pengine, na amejishinda. Mvua ilikuwa nyembamba. Injinia alikuwa ukingoni na kamba, anatazama maji yanavyopiga nguzo zake, akatuona tunapita akavua kofia. Bibi akapanda mbao, mimi nyuma yake. Tulikwenda tumeinamisha vichwa kwa sababu ya mvua.

Lakini na Marwa alikuwa amejishinda. Usiku shangazi alishikwa na uchungu, mtoto hatoki, na Marwa akasema kama mama mkwe haji kwa sababu yangu, basi nitampelekea binti yake, nimweke ukingoni, nikimbie. Ng'ombe aliwaacha zizini. Walimlaza shangazi kwenye kitanda cha kamba, Marwa mbele, mdogo wake nyuma, wakapanda darajani, vichwa vimeinama kwa sababu ya mvua.

Tulikutana kwenye nguzo ya kati. Bibi aliona kwanza miguu ya kitanda. Akasimama. Marwa akainua uso, akasimama. Nguo ikafunika kichwa cha Bibi, na Marwa akageuza shingo kutazama mtoni, mikono bado imeshika kitanda. Hapo shangazi akapiga ukelele ambao sijausahau. "Anakuja! Mama, anakuja!"

Wakateremsha kitanda palepale. Kilijaa upana wote wa daraja, fito hadi fito. Mdogo wake Marwa, aliyekuwa nyuma, akarudi mbio ng'ambo akawaachia nafasi. Marwa hakuwa na pa kwenda. Nyuma yake kitanda chenye mke wake, mbele yake mama mkwe wake.

"Mwambie huyo atoke," Bibi akaniambia mimi, ndani ya nguo.

Nikamwambia Marwa, ingawa alikuwa hatua tatu tu kutoka kwetu, "Bibi anasema utoke."

"Nitoke niende wapi?" Marwa akauambia mto.

Injinia alikuwa amefika nyuma yetu, anahema, akamwita Marwa kijana kwa lugha yetu. "Mruke mkeo, mura! Pita juu ya kitanda!"

"Mwenye uchungu harukwi. Sitamruka, atakufa."

"Basi jibane, mama apite ubavuni!"

"Hapana nafasi, Injinia!"

"Ipo! Nilipima mwenyewe—" na akanyamaza. Nilimwona akitazama zile mbao, kama anaziona kwa mara ya kwanza.

Shangazi akapiga kelele tena. Marwa akashika fito, akapitisha mguu mmoja nje, kisha wa pili, akajishusha. Chini ya mbao nguzo ilikuwa na ukingo mdogo wa mawe, nao ulikuwa umeshafunikwa na maji. Akasimama pale, maji yakampiga magotini, halafu mapajani. Uso aliuelekeza kule maji yanakokwenda. Injinia akajipenyeza kando ya Bibi, samahani mama, samahani, akalala kifudifudi juu ya mbao, akapitisha mikono chini ya fito, akamshika Marwa viganja vyote viwili.

Bibi akapita.

Alinipa upande mmoja wa nguo yake niishike kama pazia, nitazame pembeni. Basi nikatazama pembeni. Na hivi ndivyo ilivyokuwa: watu kwenye daraja moja, na hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake. Marwa anatazama maji. Injinia amefumba macho, shavu kwenye ubao, anasali kwa Kihaya, lugha ambayo Mungu peke yake alikuwa anaielewa pale. Mimi natazama mvua. Nyuma ya nguo Bibi anasema, taratibu kabisa, kama anaongea na ndama, "Legea. Legea, mwanangu. Mkono wangu huu." Mti mkubwa ulikuja na maji ukagonga nguzo, daraja zima likatetemeka, na Marwa akateleza. Nilimsikia Injinia akitoa sauti kama mtu anayenyanyua gunia. Hakumwachia. Sijui ilichukua muda gani. Nilimwuliza Mungu kama hii ni heshima au ni adhabu, maana vilikuwa vinafanana.

Halafu kimya. Halafu kofi dogo, na kofi tena. Halafu mtoto akalia.

"Ni wa kiume," Bibi akasema kwa sauti, si kwa mtu yeyote. "Aliye mtoni asikie kwamba ni wa kiume, na mama yake yuko hai."

Marwa alilia kwa nguvu kuliko mtoto.

Jumapili Injinia alisimama kanisani kuungama. Watu walijaa, wengine wamekaa madirishani, wakitegemea jambo kubwa. Akasema alitaka ushuhuda. Alitaka kuandika barua kwao kwamba amewashikanisha mikono mkwe na mkwe kwa nguvu ya injili, na kwa ajili ya barua hiyo alimtuma mama mtu mzima darajani bila kumwuliza. Akalia.

"Hilo tu?" mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona. "Hajaiba?"

"Hajaiba," mwenzake akajibu. "Amelilia barua."

Baadaye akaja kwetu na kamba ya kupimia. Alitaka kujenga sehemu ya kupishana juu ya nguzo ya kati, kama kibaraza kinachotokeza nje, mtu aingie pale ageuke, mwingine apite. Alisimama nje ya ua. "Mama, nimekuja kuuliza. Iwe na upana gani?"

Bibi alikuwa anapepeta mtama. Akavuta nguo kichwani, akageuka na ungo wake kuelekea ukuta. "Robi," akaniita, "mwambie huyo: mtu na mzigo wake kichwani, aweze kugeuka bila kugusa ukingo."

Nikamwambia, ingawa alisikia. Akanipima mimi na kikapu kichwani.

Ikawa hivyo wiki zote za kazi. Wanawake walibeba mawe tena, Bibi mbele yao, lakini Injinia akitokea yeye anatoka njiani. Alimpelekea kuku, maziwa, uji wa mtama, vyote kwa mkono wangu, na uso wake hakumwonyesha hata mara moja. Injinia alikuwa anapokea na kuniuliza, "Amesema nini?" nami nasema hakusema kitu. Nilifikiri chakula anampa kwa sababu ya dini, na uso anamnyima kwa sababu ya hasira. Injinia alifikiri hivyohivyo, nilimwona anavyokonda.

Siku aliyoondoka watu walijipanga njiani wakiimba. Bibi alisimama mbali na wengine, mwisho kabisa, na mimi kando yake. Baiskeli ilipokaribia, akaingia kwenye majani, akajifunika, akageuza mgongo. Injinia akashuka.

"Mama, nisamehe."

Bibi hakujibu. Injinia akangoja. Mimi niliona mabega ya Bibi yanatikisika kidogo, sikujua kwa nini. Injinia akanishika kichwa, akapanda baiskeli yake, na alipokuwa anakanyaga nilimwona akijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Bibi," nikauliza, "bado umemkasirikia?"

Akafunua kichwa. Uso ulikuwa umelowa. "Nani amekasirika? Yule alimshika Marwa mikono, mtoto wangu asibaki mjane. Ni ndugu yake Marwa sasa. Ndugu wa mkwe ni mkwe. Ningemtazamaje usoni?"

Nilikimbia. Nilikimbia kuliko siku yoyote, nikapita waimbaji, nikapita kanisa, hadi pale njia inapoinuka kabla ya kushuka kuelekea Mugumu. Nilimwona. Alikuwa chini tu pale, ameshuka kwenye baiskeli anakaza kamba ya sanduku. Sauti yangu ingemfikia. Lakini kulikuwa na watu wanatoka sokoni, wageni, wengi, na wote wakanitazama, mtoto anayehema kinywa wazi katikati ya njia. Nikaona haya. Nikasema moyoni, wakishapita nitamwita.

Walikuwa wengi. Walipokwisha kupita, njia ilikuwa tupu.